Mshauri wako akikukuta sokoni Soweto: uzi wa miiko ya washauri nasaha na watu wa hipnosi hapa Mbeya

#1 Mtoto wa Loleza (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Huku baridi imeanza kuuma, naandika nimejifunika shuka juu ya sweta, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Wiki iliyopita nimeshuka kwenye bajaji pale Kabwe nikaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, katikati ya tangazo la chumba na sebule na lile la mganga kutoka Sumbawanga. Imeandikwa: TIBA YA HIPNOSI. POMBE, SIGARA, WOGA WA MITIHANI, NDOA, NGUVU ZA KIUME. VIKAO VITATU TU, MATOKEO UHAKIKA. Chini yake namba ya simu. Hakuna jina, hakuna ofisi. Hapo kwenye nguvu za kiume nikacheka. Hapo kwenye "uhakika" nikaacha kucheka, maana mtu yeyote wa kazi hii anayekuahidi uhakika ameshavunja mwiko wa kwanza kabla hujamlipa hata mia.

Mimi ni mshauri nasaha, mwaka wa kumi na moja sasa. Hipnosi nilijifunza baadaye na naitumia kwa watu wachache. Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkasema nimekuja kuwasema wenzangu.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuwa anakuja kwangu mama mmoja kila Jumatano. Jumamosi moja niko Soweto nachagua nyanya, nikamwona ng'ambo ya meza, yuko na mumewe, mume kashika kikapu. Nikafurahi kama Mnyakyusa aliyekutana na mwenzake Kariakoo. Nikapaza sauti: "Vipi mama, usingizi unakuja siku hizi?"

Maneno sita. Akaitikia "unakuja", akainamia nyanya. Mume akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akauliza polepole, "Huyu nani?" Akajibu, "Wa kanisani." Sijawahi kusali naye hata siku moja. Nilimfanya mtu mzima adanganye mbele ya fungu la nyanya kwa sababu ya ulimi wangu. Jumatano hakuja, na Jumatano nyingine hakuja. Sikumpigia, nilijua kwa nini.

Tangu siku hiyo kikao cha kwanza huwa naanza na swali hili kabla ya jingine lolote: tukikutana barabarani, nikusalimie au nipite? Mbeya mjini ni kijiji kilichojengwa lami. Vitabu vya maadili vimeandikwa na watu wa miji ambayo unaweza kuishi miaka kumi usikutane na daktari wako. Hapa utamkuta Mwanjelwa, utamkuta msibani, na kwenye kikao cha harusi utakuta ndiye mweka hazina.

Sasa hipnosi. Neno lilienezwa miaka ya 1840 na daktari mpasuaji Mskoti, James Braid, aliyekuwa akifanya kazi Manchester. Alilichota kwenye Kigiriki, lina maana ya usingizi, na baadaye mwenyewe hakulipenda, kwa sababu mtu hajalala. Anasikia jogoo, anasikia honi ya bajaji nje. Ila mawazo yamekusanyika sehemu moja, na maneno ya anayemwongoza yanapenya kwa urahisi kuliko kawaida. Inasaidia kwenye maumivu na baadhi ya hofu. Uingereza miongozo ya NICE, taasisi inayoshauri tiba ipi itumike, inawaruhusu madaktari kuifikiria kwa mgonjwa wa tumbo la kuvurugika ambaye dawa zimeshindwa kwa miezi kumi na miwili. Kwa hiyo si uchawi, na si mazingaombwe. Lakini maneno yanayopenya kwa urahisi ndiyo hayo hayo yanayoumiza kwa urahisi, na ndiyo maana nimeandika.

Maswali ruksa. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa waganga.

#2 Bajaji 47

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, hii ndiyo ile ya stendi Nanenane? Mtu anakupa mkono anakuuliza njia ya Tunduma, ukishtuka umeshampa simu, hela ya ada na saa?

#3 Mtoto wa Loleza

Hapana mkuu, ule ni utapeli wa kukuharakisha na kukuchanganya. Hipnosi ya kweli mteja anajua anafanyiwa nini, na asipotaka haiendi.

Ila usitoke hapa ukadhani hakuna hatari. Mwaka 1784 kule Paris mfalme Louis wa 16 aliunda tume kuchunguza madai ya daktari mmoja kutoka Vienna, Mesmer, aliyedai anatibu kwa sumaku iliyomo mwilini mwa watu. Benjamin Franklin alikuwemo, na mkemia Lavoisier pia. Ripoti ya hadharani ikasema sumaku hakuna, ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Hiyo inajulikana sana. Isiyojulikana sana ni kwamba iliandikwa ripoti ya pili, ya siri, ya mfalme peke yake: kwamba mtibu ni mwanamume, wagonjwa wengi ni wanawake, wanakaa magoti yakigusana, na kinachoweza kutokea hapo si tiba. Mwaka 2016 kule Ohio, Marekani, wakili wa talaka alifungwa miaka kumi na miwili kwa kuwatumia wateja wake wa kike vibaya kwa njia ya hipnosi. Kati ya hizo tarehe mbili ni zaidi ya miaka 230 na chumba ni kile kile.

#4 Mama Sweta

Nimesoma nikatetemeka. Ngoja niseme, maana hapa hakuna anayenijua.

Mimi naogopa Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa. Niliwahi kuona basi limelala pale chini, tangu siku hiyo nikisafiri kwenda Dar nikikaribia pale mikono inatoka jasho mpaka tiketi inalowa. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja, mji sitaji. Chumba kizuri, kiti cha kulala, kapeti. Hakuniuliza kama natumia dawa yoyote wala kama nimewahi kuumwa kichwa cha aina ile nyingine. Akaniambia funga macho. Simu yake ilikuwa juu ya meza imelala kifudifudi. Katikati ya kikao akaweka kiganja kwenye paji la uso, baadaye begani, kikakaa. Nililia sana siku ile. Nikiwa nafuta machozi akasema: "Usimwambie mtu tuliyofanya hapa, utaharibu tiba."

Mwezi haujaisha dada yangu akanipigia. Kuna sauti inazunguka kwenye kundi la akina mama la WhatsApp, "shuhuda za wateja wetu". Jina halipo. Akaniambia, "Hiyo kwikwi yako naijua tangu tunagombania mbalaga."

Kitonga bado naiogopa.

#5 Mtoto wa Loleza

Pole sana dada. Ndaga kwa kutuambia.

Kwenye hayo yote, lililoniuma kuliko mengine ni "usimwambie mtu". Hapo aliigeuza kazi miguu juu. Siri ya kikao inamfunga mshauri. Mteja haimfungi hata kidogo. Ukitaka nenda ukamsimulie mumeo, mama yako, konda wa basi, ni maisha yako. Mtibu anayekufunga wewe mdomo, nyanyuka. Hata kama hajafanya kitu bado, anaandaa uwanja.

Kugusa: wapo wanaogusa, mafunzo mengine yanatumia mkono kuinuliwa. Lakini unaulizwa ukiwa macho wazi, kabla, unaambiwa ni wapi na kwa nini, na ukisema sitaki, kikao kinaendelea vizuri tu. Ukiulizwa katikati umeshalegea, hiyo haihesabiki kuwa ni ridhaa.

Na swali la magonjwa ya akili ya nyuma alipaswa kuuliza. Mtu aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au kuona watu wanaomfuatilia, humlegezi mawazo kwenye kiti wakati daktari wake hajui. Wa kifafa naye unaenda naye kwa uangalifu. Kama hujui kutofautisha, hujafika kiwango cha kumkalisha mtu kwenye kile kiti.

#6 Wakili wa Sae

Nichangie kidogo kwa Mama Sweta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Sauti yako ukilia kuhusu hofu yako ni taarifa yako, jina liwepo lisiwepo, ilimradi unatambulika. Dada yako amekutambua kwa kwikwi. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, malalamiko yanapokelewa. Hifadhi ile sauti na tarehe uliyoipata, usiifute kwa hasira.

Bili nitakutumia (utani).

#7 Mzee wa Kande

Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Haya mambo ya kukaa kwenye kiti na kulipia kuongea ni ya wazungu. Sisi tulikuwa na shangazi, na bibi. Ukiwa na jambo unakwenda shambani kwa bibi unamsaidia kupalilia, mkifika mwisho wa tuta umeshasema yote na hujalipa hata senti.

Halafu mwanzisha uzi, umekuja kutufundisha siri. Mbona wewe umetusimulia mteja wako hadi kikapu cha mumewe? Huyo mama akisoma hapa si anajijua?

#8 Mtoto wa Loleza

Mzee, hilo la pili limenipiga kwenye mfupa, na nilikuwa nalisubiri.

Haikuwa Soweto. Hazikuwa nyanya. Na sijasema kama kweli alikuwa mwanamke, wala kama ilikuwa Jumatano. Kilichobaki cha kweli ni ulimi wangu na yule mtu kulazimika kudanganya. Ndivyo tunavyofundishwa: ukitoa mfano, badilisha mpaka mwenyewe akisoma asijitambue, na usipoweza kubadilisha kiasi hicho, usiutoe. Baada ya swali lako nimerudi kusoma nilichoandika nikijifanya ni yeye. Nadhani nimepita. "Nadhani" hiyo ndiyo inanikosesha raha, sitakudanganya.

La bibi sikatai. Bibi yangu mwenyewe Tukuyu alikuwa hivyo. Ila bibi alikuwa na jambo moja ambalo mimi sina: alikuwa na haki ya kukuambia olewa au usiolewe, na ukoo ungemsikiliza. Mtu anakuja kwangu kwa sababu mara nyingi jambo lenyewe ni huyo bibi.

#9 Baba Wawili

Nimeingia hapa kwa sababu yananihusu. Mke wangu anahudhuria kwa mshauri mwezi wa tatu sasa. Kila kikao elfu thelathini, natoa mimi. Nikiuliza mnaongea nini, "ya kwangu". Nikampigia yule mshauri kwa heshima kabisa, shikamoo nyingi, akaniambia hawezi hata kunithibitishia kama anamfahamu mke wangu. Mke ambaye nimemshusha mwenyewe getini kwake! Ukipeleka gari gereji unaambiwa limebadilishwa nini. Mimi ndiye mlipaji, kwa nini nisijue ninacholipia?

#10 Bajaji 47

Hoja nzito. Nakaa hapa.

#11 Mtoto wa Loleza

Mkuu, kwanza hongera kwa kulipa. Wengi huku wangesema "nenda kanisani bure".

Lakini yule mshauri amefanya sawasawa, na ningekuwa wewe ningemheshimu zaidi baada ya ile simu. Mwenye kikao ni mteja, siyo mlipaji. Unamlipia mwanao ada chuoni, lakini hulipii kusoma barua zake. Na hilo la "siwezi kuthibitisha kama namfahamu" linaonekana kama kiburi, ila fikiria: akikuambia "ndiyo ni mteja wangu, ila siwezi kusema zaidi", kesho anapiga mtu mwingine anayejidai kuwa wewe. Jibu lazima liwe moja kwa wote, hata kwa mume halali.

Angekosea wapi? Angekosea kama hamkuambiwa mwanzoni. Kama kuna mtu wa tatu anayelipa, siku ya kwanza linasemwa wazi: yeye atapata risiti na idadi ya vikao, basi. Au hata idadi asipate, kama mteja hataki. Inawekwa kwenye karatasi.

#12 Mama Sweta

Baba Wawili, kaka yangu, nikuulize. Ungeambiwa ungefanyia nini?

Mimi mshauri wangu wa sasa (mwanamke, namshukuru Mungu) nimemsevu kwenye simu "Fundi Cherehani". Kwa sababu nikilipa kwa simu jina lake linatokea na watoto wanachezea simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri, akasema kama unaogopa jina langu kwenye meseji ya malipo, njoo na taslimu. Sikuwahi kufikiria kwamba meseji ya muamala nayo ni mdomo.

#13 Baba Wawili

Ungeambiwa ungefanyia nini... Nimeliangalia hilo swali dakika kama ishirini.

Sijui. Pengine ningejitetea.

Ila gereji bado naona mfano wangu ulikuwa mzuri.

#14 Mtoto wa Loleza

Ulikuwa mzuri ila gari haliendi nyumbani likaulizwa.

Na Mama Sweta, hilo la meseji naliiba, nalipeleka kazini kesho. Tuliweka pazia zito, tukaweka redio kwenye korido ili sauti zisipite, tukahamisha benchi la kusubiria lisitazamane na mlango wa barabarani. Malipo hatukuyafikiria.

#15 Mchungaji Kijijini

Bwana asifiwe wote. Niko Rungwe, kata siitaji.

Nina tatizo ambalo mjini hamlijui vizuri. Hapa mimi ni mchungaji, ni mshauri wa ndoa, ni mwenyekiti wa kamati ya maji, na watu wale wale wananiuzia maziwa. Wiki hii mke kaja kwangu na mambo ya mumewe. Jumapili nitamwita huyo mume asome somo. Nikikaa kimya usoni kwangu wanasoma. Nikihubiri juu ya unyumba, wote wanageuka kumwangalia. Vitabu vinasema "epuka uhusiano wa aina mbili na mteja". Niepuke niende wapi, Malawi?

Na swali la pili: ungamo mimi nalizika. Je, mshauri wa kidunia naye anazika kila kitu?

#16 Mtoto wa Loleza

Mchungaji, la kwanza sina dawa yake. Hata miongozo ya wenzetu inakubali kwamba mashambani huwezi kukwepa, inakutaka upime kama uhusiano huo mwingine utamdhuru mteja au utakupofusha wewe. Ninachofanya mimi: nalitaja mezani. "Mimi na wewe tuko kamati moja ya harusi. Huko sitaligusa hili hata kwa jicho. Unaona utaweza? Usipoweza nitakutafutia mtu Iringa au Makambako, na sitakasirika." Kwako wewe ningeongeza usihubiri jambo lililoingia ofisini mwako mpaka mwaka upite. Na tafuta mchungaji mwenzako wa mbali, au mshauri mkongwe, umpelekee mizigo yako bila majina. Kwetu sisi hilo ni wajibu, na mtu huyo tunamwita msimamizi. Mshauri asiye na mtu wa kumsimamia ni kama dereva anayejikagulia breki kwa kusikiliza mlio.

La pili: hapana, hatuziki kila kitu, na mteja anaambiwa hivyo siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Mtoto anayeumizwa, sheria yetu ya mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aziwasilishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Mimi simo kwenye msamaha. Mtu anayetaka kujiua, sitamwacha aondoke peke yake kwa kisingizio cha siri. Anayetaka kuua mtu mwingine ni kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya California na kuamuliwa 1976, ya Tarasoff. Mwanafunzi alimwambia mtaalamu wa saikolojia wa chuo kwamba atamuua binti fulani. Polisi wa chuo walimshika, wakamwachia. Binti hakuambiwa na mtu yeyote. Akauawa, 1969. Mahakama ikasema mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Wenzetu wamebishania mipaka ya hukumu ile hadi leo, lakini si wengi wanaosema tena kwamba mtaalamu akae tu na siri yake.

Na ninapolazimika kuvunja siri, natoa kiasi kile tu kinachozuia madhara. Mwenyekiti wa mtaa hahitaji kujua mengine.

#17 Kijana wa Uyole

Mimi ni mwalimu, nina kitengo cha ushauri shuleni. Kuna mtu amekuja kwa mkuu wetu anataka kufanya hipnosi ya pamoja kwa kidato cha nne, "kuondoa hofu ya mtihani", kila mwanafunzi elfu mbili. Mkuu amependa wazo. Mimi moyo unasita, lakini sina hoja.

#18 Mtoto wa Loleza

Mpelekee mkuu wako hii. Florida, 2011, wanafunzi watatu wa shule moja ya sekondari walifariki ndani ya miezi michache. Wawili walijiua, mmoja alipata ajali ya gari. Wote watatu mkuu wa shule alikuwa amewafanyia hipnosi. Yeye alifanya kwa wanafunzi wengi, kwa nia ya kuwasaidia mitihani na michezo, na wakubwa zake walikuwa wameshamwonya. Hakuwa na leseni ya tiba. Haikuthibitishwa mahakamani kwamba hipnosi ndiyo iliyosababisha vifo, lakini 2015 bodi ya shule ilikubali kuzilipa familia dola laki sita kwa jumla.

Hapo kwako kuna mambo mengi juu ya benchi moja. Mtoto hawezi kumkatalia mkuu wa shule, kwa hiyo "ndiyo" yake si ndiyo. Wazazi hawajaulizwa. Tuseme watoto mia na ishirini wamefumba macho ukumbini, na mmoja kati yao alibakwa mwaka jana na hakuna anayejua. Likimjia pale pale, nani atakaa naye? Yule wa elfu mbili atakuwa ameshapanda Coaster ya Makambako.

Kama ni hofu ya mtihani, wafundishe kupumua taratibu na waache walale usiku. Ni bure.

#19 Kijana wa Uyole

Nimeprinti. Nitaiweka mezani kwake kabla ya chai.

#20 Mwana Busokelo

Kuna kitu hamjakigusa. Kuna jirani yetu alikwenda kwa mtu wa namna hiyo mjini, "kurudishwa utotoni". Akarudi anasema amekumbuka baba yake mdogo alimfanyia mambo. Huyo baba mdogo ana miaka sabini na nne. Ukoo umegawanyika, msibani hawakai pamoja. Mimi sijui ukweli. Lakini nilipomwona yule mzee amekaa peke yake kwenye kigoda nilikumbuka wale waliotajwa na ramli.

#21 Mtoto wa Loleza

Umeniwahi. Hiki nilikuwa nakihifadhi na umekisema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Ni ramli chonganishi iliyovaa tai.

Kumbukumbu si mkanda uliorekodiwa ukasubiri kuchezwa. Inajengwa upya kila inapoitwa, na mtu aliyelegea kwenye kiti, anayeongozwa na sauti anayoiamini, anaweza kujenga jambo zima, lenye rangi na harufu, ambalo halikutokea. Na anaweza kuliamini kama lile lililotokea. California 1994 baba mmoja, Gary Ramona, aliwashitaki watibu wa binti yake. Walimpa dawa ya kulegeza akili, haikuwa hipnosi, lakini njia ni ndugu. Binti akaamini kwamba baba alimnajisi. Baraza la wazee wa mahakama likampa baba dola laki tano. Majimbo mengi ya Marekani hayapokei ushahidi wa shahidi aliyekumbushiwa kwa hipnosi.

Sisemi jirani yako anadanganya. Watoto wanaumizwa kweli, mara nyingi na watu wanaowajua, na mimi nimekaa mbele ya watoto hao. Nasema yule mtibu amewanyang'anya wote wawili. Kama ni kweli, ameuchafua ushahidi wa jirani yako, sasa kila mtu atasema ni hipnosi. Kama si kweli, amemuua mzee kwenye kigoda. Kazi ya hipnosi si kuchimba. Mtibu asiulize "ni nani yuko mlangoni?" wakati mteja hajasema kuna mlango.

#22 Bajaji 47

Sasa tuchangamke kidogo. Mshauri akimpenda mteja je? Kwa nia njema, ndoa kabisa, posa na mahari.

#23 Mtoto wa Loleza

Hapana. Na akiacha kuwa mteja leo, kesho bado hapana. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kinasema angalau miaka miwili baada ya vikao kwisha, na hata hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba hakumtumia vibaya ni wa mtaalamu. Cha washauri nasaha wa huko huko kinasema miaka mitano. Mtu aliyekuonyesha alipovunjika hajakuchagua wewe, amechagua kusikilizwa.

Kupenda kwenyewe hutokea, si dhambi. Unampelekea msimamizi wako, sio mteja.

#24 Bajaji 47

Miaka mitano mahari itakuwa imepanda.

#25 Neema ya Ipogolo

Kamwene. Niko Iringa. Mtu wa kawaida atajuaje nani ni nani? Vyeti siku hizi vinachapwa stesheneri.

#26 Mtoto wa Loleza

Kamwene dada. Muulize umesajiliwa na baraza gani, ulisoma wapi, nani anakusimamia. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana baraza lake, hata wa tiba asili ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu sheria ya 2002. Akikuambia yuko chini ya fulani, nenda ukaulize huko. Usione haya; hata Uingereza jina la "mtaalamu wa hipnosi" halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni, ndiyo maana wenye akili hujiandikisha kwa hiari. Kenya wametunga sheria ya washauri na wanasaikolojia 2014.

Mimi binafsi huangalia kitu kimoja kuliko cheti: mwulize "ni tatizo gani huwezi kulitibu?" Yule wa nguzo ya umeme hana jibu.

#27 Mama Sweta

Mrejesho. Nilimwandikia yule bwana, kwa maneno ya Wakili wa Sae neno kwa neno. Amefuta kwenye kundi lake. Ameniomba radhi kwa sauti ya sekunde tisa. Nyingine zilizosambaa hawezi kuzirudisha, na mimi siwezi.

Mwezi ujao nasafiri kwenda Dar. Fundi Cherehani amesema tutafanyia kazi Kitonga kidogo kidogo, kwanza kwa kuangalia picha.

#28 Wakili wa Sae

Malalamiko kwa Tume bado unaweza kuyapeleka hata kama amefuta. Fikiria bila haraka.

#29 Simba wa Ilomba

Mkuu Mtoto wa Loleza, nimekutumia PM. Naomba uangalie, ni jambo la haraka kidogo.

#30 Mtoto wa Loleza

Nimejibu.

#31 Mzee wa Kande

Amekuuliza nini? Tusaidiane wote, si ndiyo maana ya jukwaa.

#32 Mtoto wa Loleza

Nani?